Ruhusa ya Khadidja

Wivu wa Khadidja ulijulikana mtaa mzima wa Buyenzi, Bujumbura, kama sambusa zake, na vyote viwili vilikuwa na pilipili ya kutosha. Mchapakazi, usiseme. Katikati ya vita ya Burundi, hata siku ambazo risasi zililia Kanyosha, kusini mwa mji, mpaka asubuhi, alipepea mkaa wake na kulisha mafundi wa mtaa. Lakini mumewe Atumani, fundi magari, akicheka kidogo tu na mteja wa kike, jioni hiyo atakula ugali mkavu.

Sasa Januari ya 2002 mlima wa Goma, kule Kongo, ukalipuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji. Wiki chache baadaye akafika Buyenzi mwanamke mwenye sufuria moja na kanga mbili. Ni Raihana, mke wa kwanza wa Atumani. Walikuwa wameachana kwa talaka moja tu, ile isiyofunga mlango wa kurudiana, zamani, kabla Khadidja hajaingia nyumba ile. Mama yake Raihana alifia njiani wakikimbia. Alitaka kwenda kwa kaka yake Kanyosha, lakini njia ilifungwa kwa vita, basi Mzee Obeid, baba mdogo wa Atumani, akampa chumba. Chumba chenyewe kiko ua mmoja na Khadidja. Hapo nani angelala?

Khadidja akawa mlinzi wa macho ya mumewe. Atumani hakumwangalia Raihana hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwanaume asiye na neno moyoni anaangalia tu, kwa nini huyu anainamisha kichwa?

Alasiri moja walikuwa wakimenya viazi uani, Khadidja akamtupia mgeni swali. "Mlima wenu si ulikuwa umelala?"

"Ulilala, dada, tangu mwaka wa sabini na saba," akasema Raihana. "Watu wakajenga, wakasahau. Wataalamu walisema kwa redio, moto wa chini haukuzimikaga. Udongo wa huku kwetu unavutwa pande mbili, polepole. Siku ufa wa zamani unafunguka, ule moto uliobanwa na gesi unapata njia. Haukutokea hata kule juu. Ulipasukia ubavuni."

Atumani alikuwa akinawa grisi pale bombani. "Sawa na rejeta ya gari," akasema bila kugeuka. "Ikichemka, mi nakatazaka mutu kugusa kifuniko. Iache ipoe."

Khadidja alisikia neno moja tu: haukuzimikaga.

Siku ya hitima ya mama yake Raihana ilipofika, Khadidja alikuwa amekwisha kupanga. Ua ule una desturi yake: neno likisemwa mbele ya mkeka, Fatiha imesomwa, halirudi. Watu wameposana hapo, wamesameheana, wamegawana nyumba. Akawaza, nitamlazimisha Atumani amkatae huyu mwanamke mbele ya wazee, nami nipumzike roho. Alimjua mumewe, mtu wa haya. Atasema apana.

Dua ikaisha. Akatoka na sinia la sambusa, akasimama katikati ya watu.

"Atumani, mbele ya wazee hawa nasema. Kama we unamutaka Raihana, muoe. Mi mke wako natoa ruhusa."

 Mzee Obeid akaacha tasbihi yake. Khadidja akangoja ile apana.

Raihana ndiye aliyejibu kwanza, kanga imemfunika nusu ya uso. "Dada, hakukuwa na haja. Njia ya Kanyosha imefunguka. Mizigo yangu nimeshafunga, kesho asubuhi naenda."

Lo! Kesho. Laiti Khadidja angevumilia usiku mmoja tu. Akafungua kinywa alirudishe neno lake, akakumbuka mkeka.

Atumani akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mwanamke yule afike, akamwangalia, akamwangalia sana.

"Basi usiende," akasema.

Mzee Obeid akawauliza wazee kama wamemsikia mke mwenyewe akitoa ruhusa. Wakasema wamesikia. Na kwa kuwa wageni walikuwa bado hawajala, Khadidja akaendelea kugawa sambusa.