Mivumu ya Kisiwani

Nikisikia mtu anaita kisiwa chetu "msitu wa asili," damu inanichemka. Asili ya nani?

Nilizaliwa pale, mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka bandari ya Kalundu, karibu na mji wa Uvira. Miti mikubwa Wazungu walishaikata iwe kuni za meli zao. Uhuru ulipokuja, baba alicheka, akasema haya, kilichobaki ni chetu. Kisha uasi ukaingia Uvira. Watu wakakimbilia kisiwani, risasi zikawafuata, moja ikamuua baba. Tulimzika nyuma ya nyumba, mama akachomeka kijiti cha muvumu, mti wa jamii ya mkuyu, kichwani pa kaburi. Ndiyo desturi yetu. Kijiti cha muvumu hushika mizizi popote.

Wanajeshi wa serikali walipofika, walisema pori linaficha waasi, likatwe lote. Wakataka na uzio wa kambi yao. Nguzo zilizonyooka zilikuwa wapi? Makaburini! Wanawake wakalazimishwa kukata mivumu ya marehemu wao na kuichimbia upya, mstari kwa mstari, bunduki zikiwaangalia. Mama aling'oa hata kijiti cha baba, kilichokuwa kimeanza kutoa majani. Halafu tukafukuzwa sote kisiwani.

Kambi ikaondoka. Uzio ukaota, ukazaa, ukawa msitu uliojaa ndege na nyani, na serikali ikauwekea walinzi.

Mama alipozeeka alikuwa na ombi moja tu: alazwe pale na mumewe. Nikampeleka kisiwani kwa shefu wa walinzi wa msitu, kijana mwenye buti safi. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

"Pole, mama. Hapa hatuzikake muntu. Hii iko msitu ya asili, hakuna muntu aliishi hapa."

"Mutoto yangu," mama akasema, "hii msitu ni miye nilipanda. Tembea, utaona iko na kona nne. Msitu gani ya Mungu iko na kona?"

Kijana akanigeukia mimi, akatabasamu. "Wazee wanachanganyaka mambo, eh?"

Lo! Nilimtukana mpaka walinzi wakanishika mikono. Nilimwambia anatembea juu ya baba yangu na hizo buti zake, na mshahara anaula kwa jasho la mama. Mama akainama, akaokota konzi ya udongo, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Mlinzi mmoja akamwambia aurudishe, hairuhusiwi kutoa kitu msituni.

Akaurudisha.

Alipofariki tulimzika makaburini Kalundu, katikati ya watu asiowajua.