Vidole Viwili vya Kivuli

Siku ile pancha ilinikuta njia ya Pongwe, mwanangu, sufuria ya wali na dengu nimeifunga nyuma ya baiskeli, na jua linapanda kama linashindana na mimi. Naikumbuka kuliko siku niliyoezeka nyumba yangu ya kwanza. Na nyumba ninazo, usicheke. Leo ukiuliza kuanzia Tanga mjini mpaka Mwera ni nani anayejenga ukuta usiopasuka, watakutajia Fundi Sefu kabla hujamaliza kuuliza. Shuleni niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilifundishwa na mzee mmoja ambaye adhuhuri ikishaingia hagusi chakula mpaka kesho yake.

Mzee huyo alikuwa mtawa wa dini ya Budha, mtu wa Sri Lanka, na Kiswahili alikiokota Dar es Salaam alikoishi miaka mingi. Injinia wa shamba la mkonge nilikokuwa nikifanya kazi alikuwa mtu wa kwao, akamkaribisha akae kwetu miezi mitatu. Kwa lile vazi lake, vibarua walimwita Mzee Chungwa. Mimi nilimwita babu. Nikimpa shikamoo anaitika marahaba, tena kwa kuivuta kama mzaliwa wa Kariakoo.

Injinia alinipa kazi mbili: kumjengea babu chumba kimoja cha tofali chenye mlango, na kumpelekea chakula kutoka jikoni kwake. Chumba kiishe kabla ya mwezi mpevu wa Julai, kwa sababu siku hiyo watawa wa kwao hutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu ya mvua. "Kikiisha siku hiyo," Injinia aliniambia, "nyumba za wafanyakazi, zote kumi na mbili, utasimamia wewe." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilianza kutembea kama msimamizi siku ile ile.

"Babu, mvua gani tena?" nilimwuliza. "Masika si yamepita?"

"Mvua ni za kwetu," akasema. "Zamani kanuni hiyo haikuwapo. Watawa walitembea hata kwenye mvua, wakikanyaga miche ya wakulima, watu wakalalamika. Ndipo ikawekwa. Kanuni zetu karibu zote zilikuja hivyo. Mtu kwanza kakosea."

Sasa mimi, mwanangu, kosa langu lilikuwa tayari limesimama pale uwanjani. Nilipandisha ukuta wa upande wa barabara bila timazi. Niliwaambia wenzangu kwamba timazi ni ya watu wenye macho mabovu. Kozi ya kumi ya tofali nikaona roho haitulii, nikaiteremsha ile kamba yenye risasi, na ukuta ukanionyesha: umelala nje vidole viwili. Siku nne zimebaki. Nikajisemea, lipu itafunika. Nani atabandua lipu ya mtawa?

Basi siku ya pancha nikafika nikihema. Babu alikuwa ameketi karibu na kijiti alichokisimika chini, na jiwe pembeni yake. Kivuli kikifika kwenye jiwe, ni adhuhuri, chakula basi mpaka kesho. Nikatazama. Kivuli kimeshalivuka jiwe.

"Vidole viwili tu, babu," nikasema, nimemwinamishia sufuria. "Kula. Nani kaona?"

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Sefu! Umejuaje? Ndiyo maneno yenyewe!"

"Maneno gani?"

"Miaka kama mia baada ya mwalimu wetu, Budha, kuondoka duniani, watawa wa mji mmoja walisema hivyo hivyo. Kivuli kikizidi vidole viwili, si neno, tule. Wengine wakaanza kutembea na chumvi ndani ya pembe, wakaiweka akiba, na mtawa haweki akiba ya chakula. Mambo kumi ya namna hiyo. Wakakutana wazee mia saba kuyaamua, na la vidole wakalikataa."

"Wazee mia saba, kwa vidole viwili?"

"Wewe Ramadhani unafuturu jua likiwa limebakiza vidole viwili?"

Mimi ni Muislamu, mtoto wa Muislamu, na pale alinishika.

"Baadaye tuligawanyika kweli," akaendelea. "Madhehebu haya na yale, kila moja na kitabu chake cha kanuni, na hata sababu ya kugawanyika kila mmoja anaieleza kivyake. Lakini nenda kwa hawa, nenda kwa wale, adhuhuri ni ile ile. Chakula hiki kula wewe. Una ukuta wa kumaliza."

Nikala. Nikamwuliza, kwa kutafuta la kusema, mtawa akikosea anafanywaje.

"Kuna makubwa ya kumfukuzisha mtu. Mengi ni madogo. Kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo tunakaa, kanuni zinasomwa zote, lakini mwenye kosa hulitamka kabla hazijasomwa. Mwenzake anamwuliza, unaliona? Anajibu, naliona. Mwenzake humwambia: Basi jizuie siku za mbele."

"Hasemwi?"

"Ameshajisema."

Niliweka sufuria chini. "Babu, ukuta wako umelala nje vidole viwili. Nilitaka kuuficha kwa lipu."

Hakugeuka kuutazama. "Unaliona?"

"Naliona."

"Basi jizuie siku za mbele."

Nikachukua nyundo nikaanza kuubomoa kutoka juu, kozi baada ya kozi, mpaka kwenye msingi. Injinia akaja na gari lake, akashuka, akaniuliza kama nina wazimu. Nikamweleza. Akasema nimemuaibisha mbele ya mgeni wake, na zile nyumba kumi na mbili akampa Kibwana, fundi wa Maramba. Kibwana hakunihurumia. "Sefu! Sasa una timazi? Mwambie Mzee Chungwa akupe na shuka, mwende wote!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nililia, mwanangu, nakuambia ukweli, nikajifanya ni vumbi la saruji.

Nikaenda kwa babu kumwambia mwezi mpevu utamkuta hana chumba. Akasema, "Wazee wetu waliwajua mafundi. Kuna siku ya pili ya kuingia kutulia, mwezi mmoja mbele."

"Na hiyo si vidole viwili, babu?"

"Hiyo imo ndani ya kanuni, inasomwa mbele ya wote. Vidole vyako vilikuwa vinakwenda chini ya lipu."

Aliingia mwezi uliofuata, chumba kimenyooka kama mstari wa daftari. Kipo mpaka leo, kapime.

Leo nina mafundi ishirini. Kila Jumatatu, kabla mtu hajashika mwiko, tunasimama duara na kila mwenye kosa analitamka. Wa kwanza ni mimi. Jumatatu iliyopita nilisema nimeruhusu linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, ivuliwe mbao mapema, na kijana aliyeanza kazi mwezi jana akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, unaliona?" Nikajibu naliona. Tukairudia.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Kanuni ikikubana, isimamishe mbele ya watu uiulize, ijadiliwe mchana kweupe. Usiilegeze peke yako ukiwa na njaa au haraka. Na ukishakosea, litamke kosa kabla hujaulizwa, kisha shika nyundo ukaanzie juu.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuliona kosa lako lingali bichi, akupe mwenzako wa kukuuliza bila kukudhalilisha, na mikono yako isichoke kujenga upya. Amina.