Saa Moja ya Ramani

Nilistaafu nikiwa brigedia katika jeshi la Uingereza, na tathmini ya mwisho kwenye faili langu inasema mambo mawili: kwamba Hugh Ambler hana makuu, na kwamba kwa miaka thelathini na minne hakuchelewa popote hata mara moja. Hilo la kwanza muulize mke wangu, Philippa, atacheka mpaka akae chini. La pili ndilo nililolishikilia. Vitani sikuwa hodari, hotuba zangu ziliwapa watu usingizi, na farasi aliwahi kunibwaga mbele ya kikosi kizima. Lakini kwa kutunza muda nilijihesabu bingwa.

Kilichonishinda ni ramani. Nikiwa luteni mpya Ujerumani, niliongoza malori kumi na moja kwenda uwanja wa mazoezi, nikayaingiza sokoni katikati ya akina mama wanaouza kabichi. Ramani nilikuwa nimeishika juu chini. Kamanda wangu hakunifokea. Alinitazama kwa huruma tu, na wiki iliyofuata akanipa dereva mpya, Koplo Len Tranter, mtu wa Derbyshire, mfupi, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Tangu hapo kila nilikohamishwa niliomba aje nami, na nilipopanda cheo naye alipanda kidogo, mpaka akawa sajini.

Sasa jeshini kwetu ramani hushikwa na ofisa, dereva anashika usukani, na koplo hamwambii ofisa kwamba amepotea.

"Kushoto, Tranter."

"Kushoto, afande?"

"Masikio yote hayo ni ya nini?"

"Sawa, afande. Kushoto."

Tulikwenda kushoto, tukakuta mto. Siku nyingine tulikuta zizi la ng'ombe, na mara moja mpaka wa nchi ya watu. Tranter alikuwa akizima injini, ananimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, anasema, "Mandhari nzuri hapa, afande." Kisha anageuza gari. Na bado, kila tulikokwenda, tulifika kwa wakati.

Watu walishangaa, nami nikawaacha washangae. Nikawa nawahubiria maofisa wadogo: "Mpangilio, vijana! Amka mapema, panga siku yako!" Siku yangu mimi alikuwa akiipanga Tranter. Kila asubuhi alinibandikia kwenye dashibodi kadi yenye saa za shughuli zote za siku hiyo. Wakati nikihubiri, yeye alikuwa nyuma yangu anakagua matairi.

Februari iliyopita mkewe, Maureen, alinipigia simu.

"Brigedia, Len ametutoka."

Nilikaa kwenye ngazi.

"Kabla hajafa alikutaja. Alitaka wewe ndiye umzungumzie kanisani. Alhamisi, saa tano."

"Saa tano nitakuwa hapo, Maureen. Unanijua."

"Nakujua," alisema, na sauti yake ikakatika kidogo. Nilidhani ni kilio.

Philippa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, kwa hiyo ilibidi niende peke yangu kutoka kwetu Wiltshire hadi kwao Len, Derbyshire. Alinisindikiza mlangoni kwa magongo yake.

"Hugh, simu ikikwambia kulia, nenda kulia. Usibishane nayo."

"Mpenzi, nimeongoza brigedi nzima."

"Ndicho kinachonitia hofu."

Nilitii karibu safari yote. Zilipobaki maili kama kumi, simu ikasema kulia, nami nikakumbuka kwamba mimi ni brigedia. Niliona njia ya mkato. Saa tano kasoro dakika kumi njia hiyo ilinifikisha kwenye uwanja wa mfugaji wa kondoo, na simu haikupata mtandao.

"Umepotea, mzee?" aliuliza mwenye shamba.

"Nakagua njia."

"Haya, kagua. Ila hii inaishia kwenye samadi."

Saa tano ikapita nikiwa narudi kinyumenyume kwenye kichochoro cha matope. Mtu mmoja tu duniani aliniomba nisichelewe, na nilikuwa nimemchelewesha mbele ya watu wake wote. Nilisimamisha gari nikalia, mzee wa miaka sabini na minne, medali kifuani, kondoo wakinitazama.

Nilifika kanisani saa sita kasoro dakika tano. Watu walikuwa bado nje na makoti yao, na jeneza lilikuwa bado garini. Maureen akanijia.

"Maureen, nisamehe. Nimewasimamisha kwenye baridi saa nzima."

"Hujachelewa, Brigedia. Ibada ni saa sita."

"Uliniambia saa tano!"

"Len ndiye aliyesema. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake hospitalini, akaniambia, 'Afande mwambie saa tano. Hiyo saa moja ya katikati ni ya ramani.'" Alinitazama. "Kadi zako zote alikuwa akiziandika hivyo. Hukujua?"

"Zote?"

"Miaka yote. Alikuwa akisema, 'Anapenda kuishika, mwache aishike.'"

Hotuba niliyoiandika ilianza kwa kueleza jinsi nilivyomfundisha Tranter kutunza muda. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nilisimama kando ya jeneza nikawaambia watu habari za kabichi, za mto, za samadi ya asubuhi ile, na za kadi. Walicheka sana, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kumaliza. Nilimpigia saluti kichwa wazi, jambo ambalo jeshini kwetu halifanywi, nikarudi kukaa.

Tulipotoka, Maureen alinishika mkono. "Makaburi yako mbali kidogo. Njia utaijua?"

"Siijui hata kidogo," nilisema.

Simu niliiacha mfukoni. Gari lililombeba Len lilitangulia, nami nikalifuata kila lilipokata kona, na tukafika kwa wakati.