Oili Kwenye Sakafu ya Kisima

Sipendi mafundi pikipiki. Mmoja wa Masasi aliwahi kunikazia nati ya oili mpaka ikaliwa meno, kisha akaniapia kwamba imekuja hivyo hivyo. Tangu siku hiyo oili ya pikipiki yangu naimwaga mwenyewe, kwa spana yangu, na yeyote mwenye masikio namwambia hakuna kazi rahisi kama hiyo. Unaiwasha injini ipate moto kidogo, unazima, unakinga chombo, unafungua nati ya chini, oili chafu inashuka, unafunga, unatia mpya. Mke wangu alishaichoka hotuba hiyo.

Jumamosi moja ya msimu wa korosho nilipanda kwenda Kitangari kwa mama mkwe. Mke na watoto walikuwa huko wakimsaidia kuokota. Nilipofika sikukuta mtu, wote wako shambani. Pikipiki ilikuwa imepanda mlima wa Newala kwa kulalamika, na chupa ya oili mpya nilikuwa nayo kwenye begi, nikaona nisingoje.

Uwanja wa mama mkwe ni mchanga mtupu, na mchanga na injini havipatani. Mahali pasafi palikuwa pamoja tu, sakafu ya saruji iliyozunguka kisima. Sisi wa Masasi tumezoea bomba. Kule juu maji ni shida, hivyo mwenye uwezo huchimba shimo kubwa, akalisakafia, na kandokando ya mdomo wake akamwaga sakafu pana yenye mwinamo, ili mvua yote itakayoipiga iteremkie ndani, inywewe hadi kiangazi. Sakafu hiyo haikanyagwi na viatu. Mke wangu aliniambia hayo siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha. Kwa hiyo nilijua, nisijifanye sikujua.

Nikaipandisha pikipiki pale pale. Nikakinga karai, nikafungua nati, ikaniunguza vidole, nikairusha huko, na katika kuruka nikalipiga karai teke. Oili nyeusi ikatambaa sakafuni kuelekea kisimani. Niliizuia kwa mchanga, nikafagia, nikasugua kwa sabuni ya unga, na doa likabaki pale pale. Mwishowe nikatandaza juu yake jamvi la kuanikia korosho. Waliporudi nilikuwa nimeshanawa, nimekaa kivulini. Nikamwamkia mama mkwe, akaitikia akitazama pembeni, kama ilivyo adabu kati yetu, na siku hiyo niliishukuru sana adabu hiyo.

Katikati ya wiki ikanyesha mvua ya kwanza, kubwa, halafu ikakata. Nilipopanda tena Jumamosi, doa lilikuwa limekwenda na maji ya kisima yalikuwa na utando unaong'aa. Mama mkwe alikuwa ameshampata mkosaji.

Alikuwa jirani yake wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, mjane kama yeye. Hana kisima, na nyumba yake ni ya nyasi, haina bati la kukingia mvua, kwa hiyo miaka yote alichota kwa mama mkwe. Alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza. Wale wawili walikuwa wamechezwa unyago pamoja, wamezalishana na wamezikiana. Sasa mama mkwe alisema mwenzake amezamisha kisimani ndoo yenye mafuta ya maandazi, hakuna jingine, na alikuwa amemkataza asichote tena. Hakunieleza kwa ukali. Alinieleza kwa huzuni, akamalizia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nami nimekaa kwenye mkeka wake, nakula wali wake. Nikajibu, ndiyo, mama.

Huo ulikuwa mwanzo wa wiki nne ambazo sitaki kuzikumbuka. Bomba la kijiji lilikuwa halitoi, ikabidi kila mtu ahangaike. Mama mkwe nilimletea mimi, madumu mawili mawili kwa pikipiki kutoka Newala mjini. Yule jirani alishuka bondeni kwenye chemchemi alfajiri, akapanda na dumu kichwani jua likiwa limeshawaka, na maandazi yake yakawa yanachelewa, wateja wakahamia kwingine. Na mimi nikasifiwa. Wanawake wa pale walisema mama yule kapata mkwe kweli, si wale wa kuja na mikono mitupu. Niliona aibu mpaka chakula kilinishinda. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikawa namfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi.

Wiki ya nne nilikutana na yule mama mteremkoni, anapanda, kanga imemlowa mgongoni. Nikasimamisha pikipiki, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu bila kinyongo chochote. Nilitaka kumpakilia dumu lake. Akakataa, akasema watu watauliza imekuwaje. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema yote, karai, mchanga, sabuni, jamvi.

Akalitua dumu. Akaniambia alikuwa akijua. Siku ile alikuwa uani kwake anatwanga, akaniona ninavyohangaika na ufagio. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, akakubali kuitwa mchafu mtaa mzima.

"Wewe ni mkwe," akasema. "Mkwe akivuliwa nguo mbele ya mama mkwe wake harudi tena. Na yule mkeo nimembeba mgongoni mimi."

Nikamwambia nakwenda kusema sasa hivi. Akanitazama kwa uchovu. "Ukisema, mlima huu nitakuwa nimeupanda bure."

Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye alikuwa ameniosha nikiwa hai, na alikuwa tayari kuendelea. Nilijua nikinyamaza tena nitakuwa nimemtwika dumu lile maisha yake yote. Nikawasha pikipiki, nikamwacha pale.

Mama mkwe nilimkuta akifagia sakafu ya kisima, pekupeku. Nikavua viatu nje ya sakafu, nikasimama, nikamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake alinitazama usoni, nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwenzangu alijua?"

Nikasema alijua tangu siku ya kwanza.

Akakaa chini, pale pale sakafuni, ufagio mkononi. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo wangu, na nilipomwona amekaa vile nikaelewa nimemtwika yeye. Mimi niliharibu maji. Yeye alikuwa amemfukuza mtu wake wa usichana, na mtu huyo alikuwa amenyamaza kwa ajili ya nyumba yake. Nikasema nisamehe, mama. Sijui kama alisikia.

Baada ya muda akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaingia ndani, akatoka na kata yake ya kujitwishia dumu kichwani. Akaniuliza nimemwacha wapi. Nikamwambia mteremkoni, nusu ya njia. Magoti yake ni mabovu, kila mtu anajua, hata kanisani hukaa benchi la mlangoni. Nikamsogezea pikipiki, nikamwomba apande nimfikishe.

"Acha," akasema. "Mwenzangu alikwenda kwa miguu."