Njegere za Askofu

Miaka ile ya hamsini, kijijini kwetu karibu na Kalenga, mwanamke mwenye akili timamu alipanda mahindi, maharage na maboga. Mama mkwe wangu alipanda hivyo vyote, kisha akaongeza maua. Watu wakamhurumia mwanawe, na mimi niliyeolewa humo wakanihurumia zaidi.

Yalikuwa maua yanayotambaa kwenye vijiti kama njegere, ya zambarau na mekundu, na harufu yake ilikupokea kabla hujaiona nyumba. Mbegu alipewa usichanani na sista mmoja wa misheni ya Tosamaganga. Tangu hapo kila mwaka alipanda, akavuna mbegu, akapanda tena, kwa sababu ua hilo likishazaa linakufa. Ukikosa mbegu umeagana nalo. Sista alikwishafariki, na hatukumjua mtu mwingine aliyekuwa nalo.

Nyuki waliyapenda kuliko sisi. Wakitoka kwenye maua waliingia kwenye maboga, na maboga yetu yalizaa mpaka tukawa tunayagawa. Mzee wa kigango, kiongozi wa kanisa letu dogo, tuliyepakana naye shamba, maboga yake nayo yalijaa, akasimama kanisani kutueleza kwamba hayo ni matunda ya sala zake. Nyuki hakuwataja. Aliwataja siku walipomuuma sikio, akasema maua yale ni uvivu tu, ardhi ni ya ugali.

Kisha ikaja habari kwamba askofu anakuja kutoa sakramenti ya Kipaimara. Mzee yuleyule akaja kwetu kofia mkononi, sauti imelainika, akamsalimia mama mkwe kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Yale maua yako, Kanisa linayahitaji."

"Yote?"

"Askofu si mtu wa kuwekewa nusu, mama."

Wakakata yote, mengine wakayang'oa na mizizi, wakayafunga kwenye tao la kumpokelea mgeni barabarani. Mama mkwe aliwaacha wakate, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kukauka alikuwa amezipukuchua na kuzianika kwenye ungo jikoni. Kila alipopita alizigusa kwa kidole. Nilijua roho yake yote imo kwenye ungo ule, na mimi nikaanza kuogopa kwa niaba yake.

Basi, jiko letu ndilo lililochaguliwa kupikia wageni, maana tulikuwa jirani na kanisa. Akina mama wa kamati wakaja na masufuria yao na ukubwa wao. Kwetu, chochote cha mviringo kilichotoka kwenye ganda ni mboga, wala hakuna anayeuliza. Wakaziona mbegu, wakasema njegere ndogo namna hii ndizo tamu, wakaziloweka usiku, sisi tumelala. Asubuhi ya Kipaimara, wakati misa inaelekea mwisho, mke wa mzee wa kigango akaziteleka.

Mama mkwe alitoka kanisani mapema kuangalia jikoni, mimi nyuma yake. Akaukuta ungo mtupu.

"Zilizokuwa humu ziko wapi?"

"Zipo motoni, mama. Za Baba Askofu hizo."

Akatumbukiza mkono kwenye sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu tu. Mke wa mzee alikuwa mvivu wa kuchochea moto, na mpaka leo namshukuru kwa uvivu wake.

Mama mkwe akazichota zote kwenye upindo wa gauni lake la kanisani, akashuka nazo kwenye kinyungu, bustani yetu ya bondeni isiyokauka hata kiangazi. Mbegu iliyolowa haisubiri. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuzifukia moja moja. Nami nikasimama ukingoni nikichungulia juu, kwa sababu njia ya kutoka kanisani ilipita hapohapo, na nyimbo zilikwishakaribia.

Msafara ukatokea, mbele msalaba, kisha askofu, kisha mzee wa kigango akiwa amevaa koti kwenye jua.

"Mama, inuka," nikanong'ona. "Baba Askofu huyo."

"Anisubiri nimalize mstari," akasema, bila kuinua kichwa.

Askofu akamwona mwanamke aliyepiga magoti, kichwa chini, midomo ikicheza, maana alikuwa anahesabu mashimo. Akadhani anasali. Akasimama, akavua kofia, akapiga magoti palepale njiani. Kwaya ikanyamaza, wote wakapiga magoti. Mzee wa kigango, ambaye alijua vizuri kinachofanyika pale, ikabidi naye ashuke kwenye tope na koti lake, akae hivyohivyo mikono kifuani mpaka mbegu ya mwisho ilipofukiwa.