Sahani Aliyoifunika Mama

Jumapili moja mwaka huu, tulipotoka kanisani, nilimkuta mama yangu amekaa kwenye kiti chake sebuleni, hapa nyumbani kwangu Butimba, na mbele yake sahani ya chakula ameifunika kwa kitenge. Chini ya kitenge kulikuwa na ugali, kipande cha sato na mchicha wa karanga. Binti yangu, aliyebaki naye, alikuwa amemwandalia muda mrefu uliopita. Ugali ulishaota ngozi, na hapakuwa na tonge hata moja lililomegwa. Nikamwuliza mbona hali. Akanitazama kwa ule upole anaowatazamia wageni siku hizi.

"Hiki si changu," akasema. "Kina mwenyewe. Bado hajarudi."

Rafiki yangu, ngoja nikueleze. Mama ana ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kupoteza miwani na funguo, tukamtania. Akaja kupoteza siku, tukaacha kumtania. Hayo tulishayakubali. Lililokuwa limetufika shingoni ni chakula. Alikuwa anapungua hadi pete yake ya ndoa ameizungushia uzi isidondoke, na daktari alishatuambia kwamba akiendelea hivyo, itabidi alishwe kwa mpira wa kupitishwa puani. Niliuogopa ule mpira kuliko ugonjwa wenyewe, maana namjua mama yangu. Angeung'oa, na wauguzi wangemfunga mikono. Mikono ile imefundisha nusu ya kijiji kuandika.

Si kwamba hatukujitahidi. Mtaalamu wa lishe pale kliniki, binti mmoja mcheshi, alitueleza vizuri sana. Tupunguze soda, sukari na mikate myeupe. Tumpe samaki, dagaa, mboga za majani, karanga, matunda ya msimu. Apate jua la asubuhi, atembee, asiachwe peke yake, ashike kazi ndogo ya mikono, aimbe nyimbo za ujana wake. Akatuambia wazi kwamba hakuna chakula kinachorudisha kilichokwisha sahaulika, ila mwili ukishiba na moyo ukitulia, mgonjwa huishi vizuri zaidi siku zake zilizobaki. Nilicheka nikamwambia kwamba hapo amenielezea nyumbani kwa bibi yangu, alichosahau ni mbuzi tu. Mke wangu akaanza kupika hivyo kila siku, na kupika anajua. Lakini mpishi hata awe hodari namna gani, mlaji akifunga mdomo kazi imekwisha.

Sasa maneno yale ya mama, kwamba chakula kina mwenyewe, nilishawahi kuyasikia. Niliyasikia nikiwa mtoto, kwa bibi mzaa mama, kijijini kando ya ziwa upande wa Magu. Baba alifariki mapema, mama akapata kazi ya ualimu katika shule ya pale, tukaishi kwa bibi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa lililolala, pana kama uwanja, na kwenye jiwe hilo ndipo maisha yetu yote yalipoanikwa.

Viazi vilipokomaa na mvua ikakatika, kinamama wa jirani walikuja asubuhi na visu vyao na masufuria ya viazi, wakakaa kwenye jiwe wakimenya, wakikata vipande vyembamba na kuvitandaza juani. Hiyo ndiyo michembe. Kama hujawahi kunusa kiazi kinachonyauka juu ya jiwe la moto, siwezi kukusaidia. Ni harufu tamu, nzito kidogo, inayokufuata hadi darasani. Sisi watoto tulipewa fito tufukuze kuku na mbuzi, na kuku tuliwafukuza kweli, lakini hakuna aliyetufukuza sisi. Nilikula mibichi hadi tumbo likawa ngoma, na bibi akanitazama tu akasema dunia ina walimu wengi.

Michembe ikikauka ilihifadhiwa kwa miezi ya njaa, lakini nyingine haikufika huko. Ilichemshwa ikapondewa karanga, tukala asubuhi kwa chai ya maziwa au kwa maziwa ya mgando aliyoleta jirani yetu mfugaji ndani ya kibuyu, mgando wenye harufu ya moshi. Jioni kulikuwa na dagaa, au furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliopikwa kwenye rojo la karanga. Na mlenda, ambao niliuchukia wakati ule na sasa nautafuta sokoni kama dawa.

Utaratibu wa kula ulikuwa haubadiliki. Wanaume walikula nje, kwenye shikome, ule moto wao wa jioni wa kuotea na kuongelea. Wanawake na watoto wadogo tulikaa mkekani karibu na jiko, tukazunguka sinia moja. Lakini kabla mkono wa mtu haujagusa ugali, bibi alipakua sahani moja, akaifunika kwa ungo mdogo na kuiweka juu ya kichanja. Hiyo ilikuwa ya ambaye hajarudi. Pengine mtu wa nyumbani aliyechelewa ziwani, pengine msafiri ambaye hata hatumjui. Chakula kilichofunikwa kina mwenyewe, alituambia bibi, na ukikila umeiba. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa bibi hilo halikuwa pambo la maneno. Mimi nilikuwa naomba Mungu mgeni asije, kwa sababu asipokuja, asubuhi kiporo kilikuwa cha watoto.

Kisha bibi akaanza kusahau. Alitia chumvi, akaenda kuchota maji, akarudi akatia tena. Asubuhi moja alimsalimia mama yangu "mwangaluka, mayu" kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, kwa heshima zote, akamwuliza yeye ni binti wa nani. Mama alijibu kwa heshima ile ile, akataja jina la bibi mwenyewe, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Nilimwona. Kulikuwa na waliosema bibi amerogwa. Mama aliwaambia kwamba kichwa cha mtu huchakaa kama jembe linavyochakaa, na kwamba hakuna anayemlaumu mhunzi.

Hawakumfungia ndani. Ndilo ninalotaka ulielewe. Kila asubuhi kinamama walimwita kwenye jiwe, wakampa kisu kilichoisha makali na fungu lake la viazi, naye akamenya ganda jembamba, refu, lisilokatika, kuliko wale waliokuwa na akili zao zote. Kichwa kilikuwa kimesahau, mikono haikuwa na habari hiyo. Na nyimbo! Majina ya wajukuu yalikuwa yamemtoka, lakini ukiruka ubeti alisimamisha kazi, akakurudisha pale ulipokosea, akangoja uimbe upya. Jua likipanda, mama alimkalisha kivulini mwa nyumba, akamkanda miguu kwa samli, polepole, kidole kwa kidole, hadi bibi akasinzia. Sitakudanganya kwamba alipona. Aliendelea kusahau hadi mwisho. Lakini alicheka, alilala usingizi, na alikula.

Alikula hadi mjomba alipokuja. Mjomba alikuwa na kazi ya ofisini mjini, Nyamagana, na alimpenda mama yake kuliko kitu chochote. Ilimuuma kumkuta amekaa chini, anagombania sinia na sisi wenye kamasi. Aliporudi safari iliyofuata alikuja na meza, kiti cha kuegemea, na sahani ya udongo yenye maua, pamoja na kifuniko chake. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo mama yake apakuliwe peke yake, kipande kizuri kuliko vyote, kwenye meza, kama mtu mkubwa anavyostahili. Sote tuliona ni heshima kubwa.

Jioni hiyo bibi hakula. Kesho yake hakula. Alikirudisha kifuniko juu ya sahani, akakaa anailinda, na kuku akisogea alimfukuza. Mjomba alimbembeleza, akachota kwa kijiko akampelekea mdomoni. Bibi akaubana mdomo na kugeuka, kama mtu mwaminifu anayeshawishiwa kuiba. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba chakula kina mwenyewe na bado hajarudi. Mjomba akasema ugonjwa umefika kooni, lazima apelekwe hospitali mjini.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na chaki bado iko vidoleni. Akamwambia, "Kaka, mama hajasahau kula. Amesahau tu kwamba mkubwa wa nyumba ni yeye. Umempakulia peke yake, naye anajua chakula cha peke yake ni cha asiyekuwepo."

Akaichukua ile sahani ya maua, akaimwaga kwenye sinia letu mkekani, akamshika bibi mkono na kumkalisha katikati yetu. Bibi akanawa. Akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya mchuzi, akanipa mimi kwanza. La pili akala yeye, na la tatu, na la nne. Mjomba alibaki ameshika kifuniko chake. Baadaye akatoka, akajifanya anaongeza kuni kwenye moto wa wanaume, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Meza ile mama akaitumia kusahihishia madaftari.

Mwaka huohuo mjomba aliniambia nimekua, wakati wa kula na wanaume umefika. Nikaenda shikome kifua mbele. Sikujua kwamba ninaaga. Toka siku ile sikukaa tena sinia moja na mama yangu, hadi nikaoa, nikajenga, nikapata mvi.

Yote hayo yalinipitia nikiwa nimesimama pale sebuleni na Biblia mkononi. Nikatazama. Sahani nzuri. Kiti cha kuegemea. Meza ndogo yenye kitambaa. Mke wangu, kwa heshima ya mama mkwe, alikuwa anampakulia kwanza na peke yake. Kisha yeye mwenyewe anakula akirudi kazini, binti yangu anakula na simu yake chumbani, mimi nakula nikitazama taarifa ya habari. Tulikuwa tumemrudishia mama kosa lile lile la mjomba, kwa mapenzi yale yale. Na yule binti wa kliniki alikuwa ametuambia asiachwe peke yake. Tulimsikia, tukadhani anazungumzia matembezi.

Nikamwomba mke wangu mkeka na sinia. Aliduwaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi nitakaa hapo, mwanamume mzima, chini, na mama mkwe. Nikamjibu kwamba wanaume wamekwenda shikome, hapa wamebaki wenye njaa. Binti yangu akacheka, akaja na maji ya kunawa. Tulipotaka kuchukua ile sahani, mama aliinyooshea mkono kuizuia. Hasira ya kiualimu ilimrudi usoni.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mwenyewe nimerudi, mama," nikasema. "Ni mimi."

Alinichunguza kwa muda mrefu. Sijui alimwona nani. Kisha akaondoa kitenge taratibu, akakikunja.

"Umechelewa," akasema.

Nikamwambia ni kweli, nimechelewa. Tukamshusha mkekani, tukazunguka sinia, na mama yangu akanawa mikono akala. Alikula hadi mke wangu akashindwa kuvumilia, akajifunika uso kwa upande wa kitenge chake. Mimi nililia wazi wazi, na sioni haya kukuambia.

Sasa tunakula hivyo kila jioni. Uzito umemrudi kidogo, uzi wa pete tumeutoa, na habari ya mpira daktari hajaitaja tena. Kusahau kunaendelea, kama tulivyoambiwa. Asubuhi binti yangu anampa mboga achambue juani, na wakati mwingine anaimba. Juzijuzi nilikwenda kijijini nikatafute michembe ya kweli. Lile jiwe halipo. Limepasuliwa kokoto, limekuwa nyumba za watu huku mjini, pengine hata msingi wa hii yangu. Furu niliwaulizia ufukweni, vijana wakaniuliza ni samaki gani huyo. Shikome imeota nyasi. Mjomba tulimzika, jirani mfugaji tulimzika, na wale kinamama waliojua beti zote wamekwenda nazo. Niliyepata kumwuliza njia hakunijua mimi wala watu wangu.

Nilirudi na kifurushi kidogo, mke wangu akachemsha, akaponda karanga. Tulipozunguka sinia, mama hakuanza. Aliyatazama mabega yetu moja moja, akatazama zile nafasi kati yetu kwenye mkeka.

"Mbona leo tuko wachache?" akauliza.

Binti yangu akanitazama nijibu. Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, lakini haukutoka. Nikamwambia kwamba wengine wametangulia, mama, tumebaki sisi.

Akashika ukingo wa sinia.

"Basi sogeeni," akasema.

Tukasogea.