Kiangazi Nilichonyoa Nywele

Mtu akiniuliza namna ya kutunza nywele Babati wakati wa kiangazi, namjibu kwa kifupi: funga kitambaa, acha dawa, paka mafuta kidogo tu, na usinyoe kama una mama mzee ndani ya nyumba. Hayo matatu ya kwanza utaambiwa na msusi yeyote. La nne nilijifunza peke yangu, na simwombei mtu ajifunze kwa njia ile.

Mimi ni fundi cherehani, na ninashonea barazani kwangu hapa Bagara. Mvua zikichelewa, upepo unabeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, unalileta kwenye cherehani, kwenye kopo la sukari na kichwani. Nywele zangu zilikuwa ndefu na nene, nami nilikuwa nimezitia dawa tangu ujana. Mwaka ule ngozi ya kichwa ilianza kuungua. Jasho likichanganyika na vumbi nilikuwa nikijikuna mbele ya wateja bila aibu. Maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa wiki, na kichwa changu peke yake kilitaka ndoo nzima. Kila msusi wa mjini alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema nivae wigi, mwingine akasema alovera, wa tatu akasema yai bichi. Huyo wa yai bichi sijamsamehe mpaka leo, maana nilimsikiliza.

Sina subira. Kitu kikiniudhi nakikata. Siku moja asubuhi nilipanda bajaji hadi mjini, nikaingia kwa kinyozi mmoja karibu na soko, nikamwambia atoe zote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kama anaogopa nywele atafute kazi nyingine.

Mama yangu alikuwa akiishi nami mwaka wa tatu. Alizaliwa juu milimani, Mbulu, akaolewa Sigino, akalima huko hadi alipoanza kupotea njia ya shamba alilolilima maisha yake yote. Ndipo nikamchukua. Alikuwa na nguvu, anakula vizuri, anasali rozari yake bila kukosea hata neno. Watu ndio waliokuwa wakimpotea mmoja mmoja. Kaka yangu alipokuja kumsalimia, mama alimkaribisha chai kwa heshima zote, kisha akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Mimi alinijua. Na alinijua kwa nywele. Kila Jumamosi mchana nilitandika mkeka barazani, yeye akakaa kwenye kigoda nyuma yangu, akaingiza vidole kichwani mwangu na kupapasa. Kisha anasema, "Ni wewe." Basi, nilikuwa mimi hadi Jumamosi nyingine. Alinisuka mistari ya kwenda nyuma, ule mtindo rahisi ambao hauchukui muda, huku akinigombeza kwa mambo niliyoyafanya nikiwa na miaka saba.

Je, nilipokwenda kwa kinyozi nilikuwa nimesahau hayo? Sikusahau. Nilidhani anaujua uso wangu, na kwamba nywele ni mazoea ya mikono tu. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe halikuishia hapo.

Nilirudi nikamkuta kibarazani. Upepo ulikuwa ukipuliza kichwani, baridi tamu sana, na nilikuwa na furaha. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, kwa sauti anayowapa wageni. Alitazama kichwa changu kwa muda mrefu. "Pole sana, mama. Umefiwa na nani?"

Nikacheka. Kwa watu wa rika lake mwanamke hanyoi kipara hivihivi, ananyoa akiwa na msiba. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto na bado halikunijia akilini. Nikamwambia sijafiwa, ni joto tu. Nikapiga magoti mbele yake, nikauchukua mkono wake nikauweka kichwani kwangu. Vidole vilipapasa upara mara moja, vikajikunja, akaurudisha mkono mapajani na kuufunika kwa kanga.

"Binti yangu yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

Hakubisha. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekudanganya kwa nia njema.

Nilichelewa kuielewa ile huruma. Huku kwetu mzee haambiwi msiba ghafla. Mtoto wake akifia mbali, ataambiwa kwanza anaumwa, kisha amezidiwa, kisha hajambo kidogo, huku majirani wakijaa uani na kila mmoja akimwambia hakuna kitu. Mama alikuwa ameficha misiba ya watu wengi kwa namna hiyo, na yeye mwenyewe aliwahi kufichwa. Kwa hiyo kila nilipomwambia hakuna aliyekufa, alipata hakika zaidi. Mwanamke mgeni aliyenyoa kichwa yumo ndani ya nyumba, binti haonekani, na mgeni anasema hakuna kitu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Siku ya nne niliamka nikakuta viti vyote viko nje. Mama alikuwa amevitoa mwenyewe, kimoja kimoja, bila kunigutusha, na meza pia, sijui kwa nguvu gani. Sebule ilikuwa tupu. Alikuwa ametandika mikeka ukuta kwa ukuta, akakaa pembeni na miguu yake ameinyoosha, kanga kichwani. Nyumba yangu ilikuwa imejiandaa kwa msiba na ilikuwa haijatimia hata saa moja asubuhi.

Watu wanaopita waliona viti nje. Kabla ya saa nne wanawake watatu walikuwa wamekwisha ingia na kanga zao kiunoni, mmoja na unga, mwingine na sukari. Walinikuta mlangoni na kipara changu, wakanikumbatia wakanipa pole, kisha wakaenda kukaa karibu na mama. Jirani yangu, mke wa mwenye duka la nguo, ndiye aliyemuuliza taratibu aliyefariki ni nani.

Mama akataja jina langu. Alilitaja lote, la ubatizo na la baba.

Wale wanawake waliinua vichwa wakanitazama. Mmoja, ambaye nilikuwa nimemshonea sare za watoto wiki ileile, alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Nilitaka kusema jambo la mzaha, maana ndiyo silaha yangu, nikaishia kuwakaribisha chai. Waliondoka mapema. Unga wakauacha.

Tangu siku hiyo niliishi katika msiba wangu. Nilipika, nikafagia kuzunguka mikeka, nikashona. Mama alinihurumia kwa kuwa nimenyoa, akaniona mtu wa karibu na marehemu, na mchana kwenye joto alinisimulia habari zangu. Alisema binti yake alikuwa na mdomo mkali kama pilipili, kwamba alipokuwa mtoto alimrushia mwalimu chaki na akachapwa akakataa kulia. Mengine nilikuwa nimeyasahau. "Alikuwa hapendi kuniona nafanya kazi," alisema siku moja. "Alininyang'anya hata ufagio. Alidhani ananisaidia." Nilikuwa nimeshika ufagio wakati huohuo. Niliumia, nami sikuwa na mahali pa kupeleka maumivu, kwa sababu hakuwa akinisema mimi.

Nikaanza kuotesha nywele kwa kisirani. Niliacha dawa zote. Nikaosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu kila siku ya tatu, nikapaka mafuta ya nazi tone moja tu ili vumbi lisigande, nikafunga kitambaa cha pamba juani. Ngozi ilipona kabisa, na nywele zikachipua laini. Jumamosi nilikaa mkekani mbele yake, nikasubiri. Hakunigusa. Kaka yangu kwenye simu akaniambia nivumilie, nywele hukua. Ni rahisi kusema ukiwa Arusha.

Sikuvumilia. Nilikwenda sokoni nikanunua wigi lililosukwa mistari ya kwenda nyuma, karibu sawa na mkono wake. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, hakuna hata kuku anayetembea. Nililivaa bafuni, nikavaa gauni ninalolivaa siku zote, nikazunguka nyumba ili anione nikija kutoka barabarani kama mtu aliyerudi safari. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini bila kutazama anapokiweka. Jua lilikuwa nyuma yangu na kivuli changu kilikuwa kimefika kwenye mkeka. Akavuta miguu yake kidogo kidogo mpaka isiguse kivuli.

"Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

Alikuwa amenijua. Baada ya wiki zote zile, alikuwa ameniita mwanangu. "Nimerudi, mama," nikasema.

"Hapana. Hamrudi." Sauti ilikuwa nyororo, ila mikono ilikuwa ikitafuta rozari kwenye kanga na haikuiona. "Sina kinyongo na wewe. Umekula kwangu, umenitunza, umemaliza. Usisimame mlangoni. Nenda."

Nikatoka. Nilizunguka nyuma, nikavua wigi, nikalitundika kwenye msumari wa bafuni, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Mama alinidaka mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile lote.

"Umemwona?" akaninong'oneza. "Amepita hapa sasa hivi. Amesimama pale."

Nikatazama pale mlangoni. Nitasema ukweli, niliogopa. Mimi niliyekuwa nimesimama hapo muda mfupi uliopita, niliutazama ule mwanga mtupu na vinyweleo vikanisimama mikononi.

"Nimemwona," nikasema.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mzima, mama. Hana shida."

Akakubali kwa kichwa, mara nyingi, akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu aanze kuomboleza. Hakulala mchana ule wala mchana uliofuata. Alikaa akiulinda mlango, na chakula alikuwa akimega tonge moja tu na kuliweka pembeni bila kulila. Alianza kukonda mbele ya macho yangu. Ndipo nilipoelewa kuotesha nywele kunanipeleka wapi. Nikiwa na kipara nilikuwa mgeni. Nikiwa na nywele nilikuwa mzimu. Na mgeni angalau anaruhusiwa kumlisha.

Nilimweleza jirani yangu, yule mke wa mwenye duka, kwenye ukuta wa ua. Alikuwa amekwisha sikia nusu yake. Hakunicheka. "Mwache amalize msiba wake, dada," alisema. "Wewe ndiye unayemzuia. Kila siku unamwambia hakuna kitu, sasa atamaliza vipi?"

Nilikasirika. Nikamwambia ni rahisi kwake, si yeye anayezikwa. Nikarudi barazani nikashona vibaya mikono miwili ya shati, nikaifumua. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa kinyozi yuleyule akaniondolea kile kidogo kilichoota. Safari hii hakuuliza kitu.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye mkeka, mbele ya mama, nikaishika mikono yake miwili. Nikamwambia kama anavyoambiwa mzee muda ukifika: kwamba ni kweli, tulimficha, binti yake amefariki, amezikwa vizuri, padri alikuwepo, na watu walijaa.

Mama akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Nilijua," akasema. "Mngeniambia mapema." Akaniuliza kama aliumwa sana. Nikasema hapana. Akaniuliza kama alimtaja mama yake. Nikasema alimtaja mpaka mwisho. Hilo halikuwa uongo.

Akaomba anyolewe. Nilimketisha kwenye kigoda uani, nikamfunga kanga mabegani, nikalowanisha nywele zake nyeupe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili wembe usimkwaruze. Nilinyoa kuanzia paji la uso kwenda nyuma, polepole, nikivuta ngozi kwa kidole gumba. Sikuwahi kukishika kichwa cha mama yangu kabla ya siku ile, yeye ndiye aliyekuwa akikishika changu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilizikusanya nywele zote alivyonielekeza, nikazifukia. Nikampaka mafuta. Tukakaa uani vipara viwili, na mtu yeyote aliyepita angesema hao ni mama na mwanawe.

Jioni alikula sahani nzima. Alinisaidia kurudisha viti ndani, akakunja mikeka. Kisha akaingia chumbani kwangu, akafungua kabati bila kuuliza, akaanza kutoa nguo zangu na kuzipanga kitandani. Nguo za marehemu zinagawiwa. Hii ya shangazi, akasema, hii ya kanisani, hii imechakaa. Nilisimama mlangoni nikamtazama akinigawa.

Gauni la mwisho lilikuwa la kitenge, nililojishonea Krismasi. Alilinyanyua, akalipima mabegani mwangu kwa macho.

"Hili chukua wewe," akasema. "Wengine walikuja wakaondoka, wewe umenyoa kwa ajili yake, umekaa nami. Alilipenda sana. Naona litakutosha."

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama."

"Ukilivaa umwombee," akasema.

Nikamwambia nitamwombea.